Kuchua, Kukanda na Kuumika: Mkono wa Tiba na Mipaka Yake

Alasiri moja tulikwenda Barani, hapa Malindi, kumtazama dada yetu aliyekuwa amejifungua siku ya kumi na mbili. Chumba kilikuwa kimefukizwa udi. Pembeni palikuwa na jiko la makaa, na juu yake kibakuli cha mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Mkandaji, bi mkubwa aliyekwisha kupita miaka sabini, alikuwa amekaa mkekani na kumlaza mzazi kifudifudi juu ya leso mbili. Alianza mabegani, akashuka mgongoni, akakaa sana kiunoni. Mikono haikusimama, wala mazungumzo hayakukatika: mtoto ananyonya vipi, usiku unalala saa ngapi, maziwa yametoka.

Alipofika mguu wa kushoto, mkono ulisita. Shavu la mguu lilikuwa limevimba kuliko la kulia. Bi mkubwa aliligusa kwa nyuma ya kiganja, akagusa na la pili, akarudi tena la kwanza. Kisha akaufunika mguu kwa leso.

"Mguu huu siuchui, mwanangu," alisema. "Mwiteni baba wa mtoto. Mzazi apelekwe hospitali sasa hivi, si kesho."

Mavyaa hakupendezwa. Mzazi atoke nje kabla ya arubaini, na Magharibi hiyo inaingia? Si baridi tu hiyo, itaondoka kwa kuchuliwa kwa mafuta ya moto? Bi mkubwa hakubishana naye. Alikuwa ameshaanza kunawa mikono.

Huko hospitali walikuta damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Daktari alieleza kwamba donge la namna ile likisuguliwa huweza kung'oka, likapanda na damu hadi mapafuni na kumwua mtu katika muda mfupi. Mzazi alianzishiwa sindano za kuzuia damu isigande zaidi, na Alhamdulillah akarudi nyumbani.

Tumekusudia kuzungumza nanyi juma hili juu ya tiba za mkono, yaani kuchua, kukanda na kuumika, nasi tumeanza na mguu ambao haukuchuliwa. Wengi wetu tumelelewa katika tiba hizi na hatuna haja ya kuambiwa kwamba zinafaa. Tunalolisahau ni kwamba wale waliozirithi kwa kweli walirithi pamoja nazo elimu ya kujizuia, na elimu hiyo ndiyo inayotuponyoka.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi wa ukale wa jambo hili. Kuchua ni kusugua kwa mafuta, mkono ukifuata msuli. Kukanda ni kubonyeza kama ukandavyo unga, na vilevile ni kuweka kitambaa cha maji ya moto mahali penye maumivu. Kusinga ni kupaka singo na kusugua ngozi mpaka itakate, jambo ambalo kila bi harusi wa pwani hii analijua, na ambalo mama zake hulitamani kimyakimya. Kuumika ni kuvuta damu kwa pembe au kikombe. Watu wasiojali kitu hawakitungii maneno manne.

Na haja ya tiba hizi ipo kila nyumba. Tazameni kazi za mikono ya wanawake kutoka Mtwapa hadi Mambrui. Mmoja ameinama juu ya mbuzi anakuna nazi, magoti yamekunjwa. Mwingine ameketi chini tangu asubuhi anasuka makuti ya kuuza. Huko Magarini na Ganze, mvua zikikata, ndoo ya maji husafiri kichwani masafa marefu, na mtoto yuko mgongoni. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini, wanawake wakizidi wanaume, na kwamba ifikapo 2050 huenda wakafika milioni 843. Mnamo Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni mazoezi, kumwelimisha mgonjwa juu ya hali yake, tiba ya mazungumzo, na kuchuliwa. Yaliyokataliwa ni pamoja na mikanda ya kiunoni na dawa kali za jamii ya afyuni. Bibi zetu wangalisomewa waraka huo, wangaliuliza kwa nini umechelewa.

Lakini kwa nini mkono upoze? Mtoto akijigonga goti, hulisugua kabla hata hajalia. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walitoa maelezo ambayo mpaka leo, pamoja na marekebisho, ndiyo msingi wa kulielewa jambo hili. Walisema kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango. Habari za maumivu hupita hapo kwenda ubongoni, na habari za kuguswa nazo hupita hapo hapo. Mguso ukiwa mwingi, lango huyabana maumivu yasipite yote. Baadaye ikagunduliwa kwamba katika ngozi yenye nywele mna nyuzi za neva ambazo kazi yake hasa ni kupokea mguso wa polepole, wa mwendo wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa mkono wa mama anayembembeleza mtoto. Nyuzi hizo hazipeleki tu habari ya mahali palipoguswa, huamsha utulivu. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa David Julius na Ardem Patapoutian, wa pili akiwa mzaliwa wa Beirut, kwa kugundua jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Julius alianzia kwenye ukali wa pilipili, kitu ambacho jikoni kwetu hakihitaji maabara.

Wanachuoni wa Kiislamu walilishughulikia jambo hili zamani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitenga katika kitabu chake cha Qanun maelezo ya kuchua kwa namna zake: kwa nguvu na kwa ulaini, kwa muda mrefu na kwa kiasi, kabla ya mazoezi ili kuutayarisha mwili na baada yake ili kuupumzisha. Kumbe hata yeye hakuamini kwamba kila anayechuliwa apewe nguvu zilezile. Tunalisema hili kwa sababu wako wachuaji wanaopima ustadi wao kwa mayowe ya mgonjwa. Misuli iliyokaza haipigwi vita. Ukimwumiza mtu hujikunja zaidi, na kesho yake huamka na michubuko.

Nasi tuna mafunzo ya karibu zaidi. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alimlalamikia Mtume (S.A.W.) maumivu aliyokuwa nayo mwilini tangu aliposilimu. Aliamrishwa aweke mkono wake mahali panapouma, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara tatu, kisha mara saba aombe kinga Kwake na shari ya maumivu hayo. Tutafakari kwamba hakuambiwa asome tu. Aliambiwa aweke mkono. Mama anayemwekea mwanawe kiganja tumboni usiku huku akimsomea anafuata njia hiyo, ajue asijue.

Kuhusu kuumika, ambako siku hizi tunakuita hijama, dalili ni nyingi na mashuhuri. Mtume (S.A.W.) aliumikwa na Abu Tayba naye akamlipa ujira wake. Na katika Sahih Muslim imo habari ya Bi Ummu Salama (r.a.), aliyeomba ruhusa ya kuumikwa, na Abu Tayba huyo huyo akaamrishwa amuumike. Mpokezi ameongeza kwamba anadhani alikuwa ndugu yake wa kunyonya, au kijana ambaye hajabaleghe. Maneno hayo machache ya mpokezi yana uzito kwetu. Yanaonyesha kwamba mwanamke mwenye heshima kuu alitafuta tiba ya mwili bila aibu, na kwamba swali la nani amguse halikupuuzwa. Kwa hiyo mwanamke atibiwe na mwanamke anapopatikana, na sitara ifunuliwe kwa kadiri ya haja tu. Wala sitara haikwamishi kazi: mchuaji hodari hufunua kiungo kimoja, akakifunika, ndipo akafunua kingine. Wasichana wetu walioajiriwa kuchua wageni katika hoteli za Watamu na Malindi wanaujua utaratibu huo wa shuka vizuri sana. Laiti wengi wao wangalipata riziki ya ujuzi huo kwa kuwahudumia wanawake wenzao mitaani.

Hijama imerudi pwani kwa kishindo. Zamani wazee wetu walitumia pembe ya ng'ombe, wakiivuta kwa mdomo, nayo iliitwa chuku. Sasa ni vikombe vya plastiki vyenye pampu, vitanda vyeupe na mabango barabarani. Hatuna tatizo na vikombe. Tatizo letu ni mabango, kwani mengine huahidi kuponya kisukari, utasa, presha na saratani kwa mkupuo mmoja. Msomaji atakumbuka kwamba kwa Kiswahili kupiga chuku kuna maana mbili, na ya pili ni kutia chumvi katika maneno. Utafiti uliofanywa kuhusu kuumika umeonyesha dalili za nafuu katika maumivu ya shingo na ya mgongo, ingawa tafiti nyingi ni ndogo. Mgonjwa wa kisukari aliyeacha sindano zake kwa sababu ya bango hakufuata Sunna. Mafundisho yetu ni kutafuta dawa, na sindano nayo ni dawa.

Pale damu inapotolewa, uangalifu hauna budi kuongezeka. Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele ya macho yako, utumike kwako tu na utupwe katika chombo kigumu. Glavu zivaliwe. Vikombe vilivyogusa damu ya mtu visiguse ngozi ya mwingine, maana homa ya ini ya aina ya B na virusi vya ukimwi hupita katika tone usiloliona. Mjamzito, mwenye upungufu wa damu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile baadhi ya wagonjwa wa moyo, wasichanjwe kabla daktari wao hajashauriwa. Na hapa kwetu Kilifi kuna jambo zaidi. Ugonjwa wa selimundu umeenea katika pwani hii, na mtoto mwenye ugonjwa huo huja na maumivu makali ya mifupa ambayo mtu huweza kuyadhania baridi yabisi. Mtoto huyo damu yake ni haba tayari. Anahitaji maji, joto, dawa ya maumivu na kliniki, wala hahitaji kupunguziwa damu.

Turudi kwa mzazi, kwani ndiko hasa tiba ya mkono ilikojengewa nyumba yake katika desturi zetu. Arubaini ni utaratibu wa huruma: mwanamke hapiki, hafui, anakandwa, anafungwa tumbo kwa leso. Kitambaa hicho cha tumbo, mkaja, kina heshima kiasi kwamba katika posa hutajwa kwa jina, na mama wa bi harusi hupewa mkaja wake kama kumbukumbu ya tumbo lililombeba binti. Tunaitetea arubaini mbele ya kila anayeibeza. Ila tuseme mambo matatu bila kuficha.

La kwanza ni joto. Maji ya kumkandia mzazi yajaribiwe kwa kiwiko cha mkandaji, na yakimchoma yeye yatamchoma na mzazi. Tumesikia kwa masikio yetu wanawake wakisifiwa kwa kuvumilia maji yaliyowababua ngozi. Aliyezaa kwa upasuaji asikandwe tumbo kabisa, wala kidonda chake kisimwagiwe maji ya moto, mpaka waliompasua waseme kimepona.

La pili ni mguu, na hapa tunaomba mama wakwe watusikilize. Hatari ya damu kuganda katika mishipa ya mguu huwa kubwa zaidi katika majuma sita ya mwanzo baada ya kuzaa. Majuma sita ni siku arubaini na mbili; yaani hatari hiyo na arubaini yetu ni wakati mmoja. Zaidi ya hayo, mzazi tunamlaza, na kulala bila kutembea huiongeza. Basi atembee ndani ya nyumba na uani kila siku. Na mguu mmoja ukivimba kuliko mwenziwe, ukauma shavuni, ukawa na joto au wekundu, usichuliwe na yeyote kwa mafuta yoyote. Akibanwa na kifua au kukosa pumzi ghafla, msingoje asubuhi.

La tatu ni tumbo la mimba. Kumchua mjamzito mgongo na miguu kwa ulaini ni faraja kwake, lakini kulisukuma tumbo ili kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya si kazi ya nyumbani. Madaktari nao hugeuza, lakini hungoja mimba ifike karibu majuma 36 au 37, humpima mtoto mapigo ya moyo kabla na baada, na chumba cha upasuaji huwa karibu. Kondo la nyuma likibanduka, mama na mtoto huweza kupotea katika saa moja, na kutoka baadhi ya vijiji vyetu hadi hospitali ni zaidi ya saa moja.

Sasa tuseme juu ya jambo ambalo halionekani kwa macho. Yule bi mkubwa wa Barani alikuwa akiuliza maswali wakati wote alipokuwa akichua. Wakati ule tuliona ni soga. Baadaye tulitambua kwamba ndiye mtu pekee aliyemwuliza mzazi kuhusu yeye mwenyewe, kwani sisi sote tuliingia tukimwuliza mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 katika kila 100 hupatwa na maradhi ya nafsi baada ya kuzaa, hasa huzuni nzito. Mzazi wa namna hiyo hasemi ana huzuni. Husema mgongo unauma, kichwa kizito, mwili umechoka, naye hadanganyi, kwa kuwa huzuni huuma mwilini. Mwanamke aliye mikononi mwa mtu anayemwamini kila siku, amelala, uso wake hautazamwi, husema asiyoyasema mezani. Mkandaji mwenye busara husikia. Na asikiapo kwamba mzazi hataki kumshika mtoto, au anatamani asiwepo duniani, hilo nalo ni mguu uliovimba: lina watu wake hospitalini, na halipasi kuachwa kwa kusemwa ni pepo tu au ni upungufu wa imani.

Sheria za nchi zinaanza kulitazama eneo hili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya asili, na sheria ya mwaka 2014 iliunda baraza la kuwasajili wataalamu wa tibamaungo, au fiziotherapia kama wengi wanavyoiita. Kwa maumivu yanayorudi kila mwezi tunashauri kuonana na wataalamu hao japo mara moja, kwa sababu watakufundisha mazoezi, na nafuu ya kuchuliwa peke yake aghalabu haidumu. Na yapo maumivu ya mgongo yasiyohitaji mchuaji kabisa: yanayokuja na homa au kukonda, yanayofuatana na kufa ganzi mapajani, miguu kulegea, au mkojo kutozuilika. Kifua kikuu huweza kukaa katika uti wa mgongo, na mgongo huo ukibinywa huweza kuvunjika.

Dini yetu ilitangulia sheria hizo. Katika mapokezi ya Abu Daud na wengineo, anayejitia utabibu bila kujulikana kwa ujuzi wake anabebeshwa dhamana ya madhara aliyoyafanya. Kwa hiyo si utovu wa adabu kumwuliza mkandaji, kwa upole, alijifunza kwa nani, amewahudumia wazazi wangapi, na ni lini humwambia mtu aende hospitali. Swali hili la mwisho ndilo bora. Anayejibu kwamba hajapata kumwambia mtu hivyo, mshukuruni, mpeni chai, mtafuteni mwingine.

Tulirudi Barani kabla ya arubaini kuisha. Dada yetu alikuwa bado na vidonge vyake, na kadi ya kliniki imechomekwa ukutani juu ya kitanda. Daktari alikuwa amekataza mguu usiguswe. Bi mkubwa alikuwepo, kibakuli kikiwa jikoni kama siku ile. Alichua mabega na mikono, kidole kwa kidole, akauruka mguu kana kwamba haupo. Mavyaa alikuwa amekaa pembeni na mtoto mapajani, akimpaka mafuta. Alimnyoshea bi mkubwa mguu mmoja wa mtoto, kisha wa pili.

"Hebu nitazamie, bibi," alisema. "Iko sawa hii?"